UZI: The Eye of the World, kitabu cha kwanza cha The Wheel of Time. Wana Dodoma mliokisoma, tuambizane ukweli

Mbuyu wa Area C (mleta mada)

Wakuu, mbukwenyi.

Leo tuache kidogo bei za viwanja na mengine tunayogombania humu kila siku. Nataka kuwasikia waliosoma The Eye of the World cha Robert Jordan, kile kilichotoka 1990 na kufungua mfululizo wa The Wheel of Time. Vitabu viko 14, ukiacha kimoja cha matukio ya nyuma kilichotoka 2004. Jordan alifariki 2007 kazi haijaisha. Vitatu vya mwisho akavimalizia Brandon Sanderson kwa kufuata maandishi aliyoyaacha marehemu, na cha kufungia kazi kikatoka 2013. Kwa hiyo anayeanza leo anaanza safari yenye mwisho, hatakaa miaka kumi akimsubiri mwandishi aamke.

Kwa wasiokijua: kuna kijiji kinaitwa Emond's Field, mbali na kila kitu, watu wake wanalima tumbaku na kufuga kondoo. Usiku wa kuamkia sikukuu kinavamiwa na Trolloc, majitu yenye miili ya watu na pembe, midomo na kwato za wanyama. Mgeni mmoja aitwaye Moiraine, ambaye ni Aes Sedai, yaani katika wale wanawake wenye uwezo wa kutumia nguvu inayozungusha dunia, anagundua waliokuwa wanatafutwa ni vijana watatu: Rand, Mat na Perrin. Anawatorosha. Kinachofuata ni kukimbia kwa zaidi ya kurasa 700.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kitabu ni kitamu watu wakiwa njiani, kinalegea wakifika. Ukiniambia nichague sehemu moja ya kumshawishi mtu asome, nitampa ile ya Rand kumburuta baba yake usiku. Shamba limevamiwa, mzee Tam amekatwa kwa upanga wenye sumu, homa inapanda. Rand anang'oa miti ya mkokoteni, anafunga mablanketi, anamlaza mzee juu yake na kuanza kumvuta porini, sambamba na barabara, kwa sababu barabarani kwenyewe wanapita wanaomtafuta. Hakuna uchawi hapo. Kuna mabega yanayouma na kuna masikio. Maana mzee akiwa katika homa anapayuka: vita vya zamani, theluji mlimani, mtoto mchanga aliyeokotwa. Kijana anasikia kwamba huenda anayemburuta si baba yake mzazi, na hawezi hata kusimama amuulize, kwa sababu akisimama mzee atamfia. Anaendelea kuvuta. Kwangu mimi Jordan hakuandika kitu kizito kuliko hicho kwenye kitabu hiki, hata kule mwisho ambako moto unashuka na majeshi yanateketea.

Nawasikiliza. Onyo: mtama utamwagwa. Anayetaka kuisoma mwenyewe bila kujua kitu aishie hapa.

KijanaWaUdom

Mkuu mimi nilikiweka chini kabla sijafika kwenye huo mkokoteni wako. Mwanzo kabisa kuna mpanda farasi mwenye joho jeusi, joho halitikiswi na upepo, nikasema haya, mambo ndiyo haya. Halafu? Halafu tunapeleka mapipa ya pombe ya tofaa kijijini. Tunajadili kama kutakuwa na fataki. Tunamsubiri mchuuzi. Tunatambulishwa kwa ukoo mzima wa kina Coplin na Congar. Jamani, mtu ana mitihani.

Binti Mvumi

@KijanaWaUdom mdogo wangu, rudi usikilize wale wazee wanazungumza nini pale kijijini. Majira yamegoma. Baridi ilipaswa kuwa imeondoka, haijaondoka, mbegu hazioti, mbwa mwitu wanashuka mpaka mazizini. Hayo mapipa ya pombe unayoyacheka yanapelekwa kwenye sherehe ambayo kila mmoja anaogopa kwamba haina cha kusherehekea.

Sisi wa Ugogo mvua yetu ni msimu mmoja, inaanza Desemba ikikubali. Ikifika katikati ya Januari na mtama umesinyaa mashambani, mazungumzo kilabuni yanakuwa hayo hayo ya Emond's Field. Watu wanataniana kwa sauti kubwa kuliko kawaida na kila mtu anachungulia juu. Bibi yangu alikuwa akitusimulia Mtunya, ile njaa iliyoupiga Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, jinsi alivyoisikia kwa mama yake. Hakuwa anaanza na maiti. Alikuwa anaanza na watu wanaoangalia mawingu na kusema "kesho". Jordan alikuwa mtu wa South Carolina, sidhani kama Mtunya aliwahi kuisikia, ila anajua hofu inaingiaje kijijini kabla haijawa na jina. Zile kurasa kwangu ndizo zinazotisha. Trolloc walipotokea nilikaribia kushukuru.

KijanaWaUdom

Dada umenibana. Lakini bado hofu hiyo ningeipata kwa kurasa kumi.

Mtoto wa Kisasa

Naunga mkono hoja ya kurasa kumi.

Mchambuzi Baridi

Mnazunguka mbuyu (samahani mleta mada). Tatizo la kitabu hiki si urefu, ni kwamba nusu yake ya kwanza tulishaisoma. Chukueni The Fellowship of the Ring ya Tolkien, ya 1954, muweke pembeni. Vijana wa kijijini wasiojua dunia. Mgeni mwenye nguvu anayesema ondokeni sasa hivi. Wapanda farasi weusi wanaowafuata. Kuvuka mto kwa kivuko usiku huku adui yuko ng'ambo. Mpiganaji mkimya ambaye kumbe ni mrithi wa ufalme uliopotea. Njia ya giza wanayoipita kwa sababu nyingine zimefungwa. Hata kiumbe dhalili anayenusa nyayo zao kutoka nyuma yupo.

Jordan mwenyewe hakuficha kwamba zile sura za mwanzo alizitafutia ladha ya Tolkien. Sawa, alikuwa muungwana. Lakini msomaji anayelipa pesa zake ana haki ya kuuliza: cha kwako ni kipi?

Mwalimu wa Mpwapwa

Ndugu Mchambuzi, swali zuri, na jibu lake lipo pale pale kijijini ambapo vijana wanasinzia.

Tazama nani anatawala Emond's Field. Kuna Baraza la Kijiji, wanaume, wanakaa kwenye nyumba ya wageni, wanavuta viko na kupitisha maazimio. Kuna na baraza la wanawake, na wanaume hawajui linajadili nini, wanajua tu kwamba uamuzi ukishatoka huko, lao limekwisha. Mganga wa kijiji, anayesikiliza upepo na kutabiri mvua, ni Nynaeve, msichana ambaye wazee wanamwona mdogo mno kwa cheo hicho na bado wanamwogopa. Toka hapo nenda nje: wenye uwezo wa kutumia ile nguvu na kubaki na akili zao ni wanawake. Upande wa wanaume umetiwa najisi tangu zamani, na mwanamume anayeugusa anaishia wazimu, anaua hata wa nyumbani mwake. Ufalme wa Andor unatawaliwa na malkia.

Sasa mpe kijana wa kiume unabii katika dunia hiyo. Katika hadithi nyingi za aina hii kijana akigundua ana uwezo, tunashangilia. Hapa akigundua, amesikia hukumu yake. Rand anatumia kitabu kizima kukwepa kujijua, na ukirudia kusoma utaona dalili zimetapakaa tangu mapema, anapata homa na kichaa cha muda kila baada ya jambo la ajabu kutokea, naye anatafuta visingizio. Hicho hakimo kwa Tolkien.

Nimefundisha miaka mingi, nimewaona vijana wanaoogopa matokeo kiasi cha kutokwenda kuyaangalia. Jordan amemwandika kijana huyo vizuri.

Mchambuzi Baridi

Shikamoo Mwalimu. Hiyo ya unajisi naipokea. Ila Nynaeve hapana. Ni hasira kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Binti Mvumi

Mtu ana miaka ishirini na kitu, kijiji kizima kiko mabegani mwake, vijana wake wanne (wale watatu na Egwene, msichana wa kijiji) wametoroshwa usiku na mgeni, anawafuata peke yake kwa miguu ya farasi mpaka mji wa Baerlon na kuwapata. Lan, mlinzi wa Moiraine na mfuatiliaji wa kazi, anakiri kwamba hakudhani mtu angeweza kuwafuata. Akikasirika unashangaa nini? Lan akikaa kimya mnamwita jasiri, Nynaeve akisema mnamwita hasira.

Mchambuzi Baridi

Nimekaa kimya.

Singida Alizeti

Mimi sura niliyobaki nayo ni ile ya siku baada ya uvamizi. Nyumba zimeungua, Moiraine amewatibu majeruhi hadi amechoka kusimama, yeye na Lan ndio waliokinusuru kijiji. Wanakuta mlango wa nyumba ya wageni umechorwa kwa mkaa alama ya kishetani. Na baadaye kundi linakuja na mienge kumtaka aondoke. Kwa nini? Kwa sababu mabaya yamekuja siku alizokuwepo. Ushahidi ndio huo tu.

Sisi wa kanda hii na kule juu Shinyanga hatuhitaji kufafanuliwa. Tumezika vikongwe kwa ushahidi wa namna hiyo: macho mekundu, ng'ombe amekufa, jirani ameota. Nilipokuwa nasoma nilitaka Moiraine awachape radi. Yeye anawasimulia hadithi.

Mwalimu wa Mpwapwa

Na hadithi yenyewe! Anawaambia kwamba hapo wanapochunga kondoo palikuwa na Manetheren, taifa lililosifika. Mfalme Aemon na jeshi lake wamekwenda kusaidia wengine vitani, wanasikia adui anaelekea nyumbani kwao, wanarudi mbio na kuushikilia mto siku baada ya siku wakingoja msaada walioahidiwa. Msaada haukuja. Malkia Eldrene akavuta nguvu kupita kiasi, akawateketeza viongozi wa adui, naye akateketea, na mji pamoja naye. Hawa wenye mienge ndio kizazi chao na hawajui hata jina.

Kitendo anachokifanya Moiraine pale ni cha mtu anayejua kazi ya masimulizi. Hawatishi. Anawarudishia mababu zao, kisha anawaacha wajitazame na ile mienge mikononi. Wanaondoka mmoja mmoja.

Vijana wetu wengi wanapita Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani ambayo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, wanapiga picha za simu na kuondoka bila kuuliza nani alichora. Basi nilipofika kwenye sura hiyo nilisimama.

Fundi Redio

Wote mnamsifia huyo mama, na kivuko je?

Mbuyu wa Area C

Kivuko gani tena mkuu 😂

Fundi Redio

Taren Ferry. Watu wanavushwa usiku, wamefika salama, mara kinatokea kizingia cha maji, kivuko kinasagika. Mwenye kivuko analia. Ajali? Si ajali, Moiraine ndiye aliyefanya, ili Trolloc wasivuke. Ndiyo, watu walipewa fedha. Lakini kivuko ndiyo ofisi ya yule bwana, ndiyo ada ya watoto wake. Kesho wateja wake wanavukaje? Na hakumwambia kabla.

Mama Zabibu

Fundi una hoja nzito kuliko unavyodhani. Hawa Aes Sedai wameapa kutosema uongo, na kitabu kinatuonya kwamba ukweli wanaokuambia huenda usiwe ule uliousikia. Pale kwenye kivuko ndipo nilipoanza kumwogopa. Anawaokoa, ndiyo, ila kila anayeokolewa anageuka kete kwenye bao lake.

Fundi Redio

Asante mama. Miaka yote nimeonekana mjinga kwa hoja hii.

Kuruta Makutupora

Nimepita JKT, kwa hiyo nazungumza kama mtu wa miguu. Vitabu vingi vya panga na farasi watu wanatembea wiki nzima halafu wanapigana wakiwa wabichi. Humu hapana. Kuna usingizi unaokufanya uone vitu, kuna mtu anakasirikia rafiki yake kwa sababu ya kamba ya kiatu, kuna kula ukiwa umesimama. Nilikuja kusoma kwamba jina halisi la Jordan ni James Oliver Rigney, Jr., na kwamba alikwenda Vietnam mara mbili, alikuwa mpiga bunduki kwenye helikopta. Nikasema ndiyo maana.

Angalia Perrin. Anaua watu kwa mara ya kwanza, wale askari wa dini wanaoitwa Makoti Meupe, baada ya mbwa mwitu aliyekuwa ameanza kumzoea kuuawa mbele yake. Mwandishi mwingine angemwachia ushindi. Huyu anamwachia kichefuchefu na kesi. Watu wawili wamekufa na hiyo haifutiki mpaka kitabu kinaisha.

Mama Zabibu

Mimi naleta malalamiko na sifa kwa pamoja, kuhusu safari ya Rand na Mat kwenda Caemlyn, mji mkuu wa Andor.

Malalamiko: mpangilio wa matukio. Wanaanza kwa kuamka mahali, halafu anarudi nyuma, halafu ndani ya kurudi nyuma anarudi nyuma tena. Kopi yangu niliinunua ya mtumba pale chini karibu na Sabasaba, nikaamini kabisa kwamba mtu aliibandika upya na kuchanganya kurasa. Nilikwenda kulinganisha namba za kurasa moja moja. Ziko sawa. Ni Jordan.

Sifa: ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote. Wameachana na wenzao, Thom, yule msanii waliyesafiri naye, wanaamini ameuawa pale Whitebridge, hawana pesa. Rand anapiga filimbi, Mat anarusha mipira, wanapewa chakula na kona ya kulala. Kila kijiji kipya unajiuliza: huyu anayewapa supu ni mwema au ni mtu wa Giza? Kule Four Kings mwenye nyumba ya wageni anawachekea huku jicho liko kwenye mkoba na upanga wao. Hakuna joka, hakuna jeshi. Vijana wawili wenye njaa kwenye mvua, na mmoja wao ana kisu alichokiokota kwenye mji uliolaaniwa ambacho kinamla taratibu, kila siku anazidi kuwa mbaya, na rafiki yake anajua na hana la kufanya.

Mzee wa Zeze

Wanangu, huyo Thom Merrilin mmempita haraka. Mtu wa joho la viraka, anakwenda kijiji hadi kijiji na kinubi, filimbi na hadithi, akifika habari za kijiji zimesimama. Sisi tuliokulia Chamwino tulimwona marehemu mzee Hukwe Zawose na zeze na ilimba yake, kabla dunia haijamchukua na baada ya kumrudisha. Watu wakimzunguka wanasahau kiu. Jordan anajua jambo moja ambalo vijana wa simu hamlijui: msanii wa kutembea ndiye aliyekuwa gazeti, na ndiye aliyekuwa mwenye kumbukumbu. Thom anapowarushia vijana mizigo yake na kumgeukia yule Myrddraal, kiongozi wa Trolloc, kwa visu viwili ili wao wakimbie, nilifunga kitabu. Sikukifungua siku hiyo tena.

Singida Alizeti

Mzee wangu, pole, na usikate tamaa na vitabu vinavyofuata. Nasema hivyo tu.

Mzee wa Zeze

Umeshanimwagia mtama.

Singida Alizeti

Mleta mada alionya juu kabisa mzee wangu 🙏

Mtoto wa Kisasa

Jamani mimi nimekuja kupitia tamthilia ya Amazon, ile iliyoanza Novemba 2021. Naona kama mnaongelea kitu kingine. Perrin si alikuwa na mke?

Mbuyu wa Area C

Kitabuni hana. Tamthilia ilimpa mke kisha ikamfanya amuue kwa bahati mbaya kwenye vurugu za usiku ule ule wa uvamizi. Kitabu chote hiki wakakikamua kwenye vipindi vinane vya msimu wa kwanza, na vijana wakawafanya wakubwa kidogo. Ilikwenda misimu mitatu, ikasimamishwa Mei 2025.

Rosamund Pike kwenye nafasi ya Moiraine sina tatizo naye hata chembe. Tatizo langu ni hilo la mke. Perrin wa kitabuni ni kijana mkubwa wa mwili anayefikiri polepole kwa sababu anajua mwili wake unaweza kuumiza mtu. Hiyo inatosha. Kumpa mke ili afe ni kumtafutia huzuni ya haraka.

Binti Mvumi

Nakubali. Ila tamthilia ilinifanya nimtazame Nynaeve upya, na ule mwanzo wa kijijini ulikwenda haraka, KijanaWaUdom ungeupenda.

KijanaWaUdom

Kumbe kuna njia ya mkato na mnanificha.

Mchambuzi Baridi

Nirudi kwenye ulegevu wa mwisho alioutaja mleta mada. Naona kila mtu anaukwepa.

Tumekimbia kurasa zaidi ya 600. Tunafika Fal Dara mpakani, jeshi la Trolloc linashuka, vizuri. Tunaingia Blight, misitu inayooza, vizuri sana. Tunafika kwenye hilo Jicho la Dunia, ambalo tumeanza kulisikia kwa uzito wakati safari imeshakaribia kuisha. Wanatokea wazee wawili waovu ambao hawajawahi kuonekana. Green Man, mlinzi wa mahali pale, anamuua mmoja na kufa naye. Rand anamteketeza mwingine, ghafla yuko kwenye uwanja wa vita mbali kabisa, anaangamiza jeshi zima, ghafla yuko kwenye ngazi angani anapambana na Ba'alzamon, yule adui aliyekuwa akimjia ndotoni, anashinda, anaanguka. Halafu watu wanakaa kitako wanaelezana kilichotokea. Ni hukumu ya hakimu ambaye mashahidi hakuwasikiliza: inawezekana ni ya haki, ila umeifikiaje?

Mbuyu wa Area C

Ndiyo maana nikasema kinalegea wakifika. Umeme wote ule haukunigusa robo ya alivyonigusa Tam akipayuka kwenye mkokoteni. Kule mwisho Rand hachoki. Hana mzigo begani. Nguvu inamtembea tu.

Kuruta Makutupora

Mimi nina utetezi mdogo. Sehemu kubwa ya kitabu tunaiona kwa macho ya Rand, na Rand hajui anachofanya. Mtu aliyepitia mapigano ya kwanza hawezi kukusimulia kwa mpangilio. Anakumbuka mwanga, anakumbuka kelele, halafu yuko mahali pengine. Ukisoma hivyo, ule mkanganyiko una maana.

Mchambuzi Baridi

Mkanganyiko wa Rand nauelewa. Hao wazee wawili nani aliwaalika?

Mwalimu wa Mpwapwa

Hapo sina la kumtetea marehemu. Hata lile Jicho lenyewe, kisima cha nguvu safi isiyo na najisi, kilichotengenezwa kwa maisha ya watu, lilistahili kutajwa mapema na kwa uzito. Ametuonyesha kitu cha thamani na kukimwaga katika kurasa hizo hizo.

Ila tazama nini kinabaki baada ya moshi. Baragumu, bendera, na mhuri uliovunjika. Na Rand, ambaye sasa anajua. Wenzake wanafurahi, yeye anataka kuondoka peke yake ili asije akawaumiza. Hapo kitabu kinarudi kwenye jambo lake. Na sentensi ya mwisho anapewa Moiraine, naye hashangilii ushindi, anatamka tu kijana huyu ni nani. Mimi ningekuwa mhariri ningeyakata yale mapigano nusu na kuziacha kurasa hizo za mwisho kama zilivyo.

Mama Zabibu

Mhariri alikuwa mke wake Mwalimu, Harriet McDougal. Hiyo kesi ungeipeleka nyumbani.

Mwalimu wa Mpwapwa

Basi nafuta hoja, nimeoa na mimi.

Fundi Redio

Kuna utani mmoja humu hakuna aliyeutaja. Watu wa Emond's Field kumbe ni raia wa Andor, wana malkia, na hawana habari. Mtoza kodi hajaonekana kwa vizazi. Rand anafika Caemlyn anamwambia binti wa malkia anatoka wapi, wanaheshimiana kuliko anavyotarajia. Nikacheka sana, maana na sisi tulitangazwa makao makuu 1973 na serikali ikaja kuhamia kwa kishindo kuanzia 2016. Wazee wangu wa Nkuhungu waliishi mji mkuu bila kukutana na waziri.

Binti Mvumi

Sasa mawaziri unakutana nao kwenye foleni 😂

Mtoto wa Kisasa

Naomba ushauri wa kivitendo. Majina ni mengi, Kiingereza chenyewe kizito. Nianzeje nisichoke?

Mbuyu wa Area C

Nyuma ya kitabu kuna faharasa ya majina na istilahi, lakini usiisome yote mwanzoni maana nayo inamwaga mtama. Itumie ukikwama. Ramani iko mbele, iweke alama, utairudia kila wakiachana njiani, na baada ya Shadar Logoth, ule mji uliolaaniwa, wanagawanyika makundi matatu. Dibaji ya mwanzo kabisa, ile ya mtu mwenye wazimu kwenye jumba lililobomoka, usijali kama huelewi. Hakuna anayeelewa mara ya kwanza. Ipite, utairudia ukimaliza na itakusimamisha nywele.

Ukiona unene unakutisha, 2002 kiligawanywa viwili kwa ajili ya vijana, kikaongezewa mwanzo mfupi unaomwonyesha Egwene akiwa mdogo.

Mama Zabibu

Na kipo cha kusikiliza, wanasoma Michael Kramer na Kate Reading, karibu saa 30. Mimi nimekimaliza kwa safari kadhaa za SGR nikienda Dar kuuza zabibu na kurudi. Ila usisikilize ule usiku wa mkokoteni ukiwa umekaa na watu usiowajua. Walinipa tishu.

Mbuyu wa Area C

Kopi yangu iko Area C, haitoki bila mtu kuacha kitabu chake rehani. KijanaWaUdom, wewe yako bado unayo au uliigeuza mto?

KijanaWaUdom

Ninayo. Jana usiku baada ya kusoma huu uzi nimeifungua tena. Nimeruka fataki, samahani Dada Mvumi.

Binti Mvumi

Nimekusamehe nusu.

KijanaWaUdom

Mkokoteni nimeupita. Mkuu Mbuyu, sisemi kitu kuhusu mkokoteni. Kivuko nimekipita, niko upande wa Fundi. Sasa hivi wako kwenye ule mji mtupu, Moiraine amesema msiguse kitu, na Mat ameshika kisu. Huyu mtoto hasikii?

Mzee wa Zeze

Hasikii.